Vitabu vya Kiswahili na Pale Wasomaji Wanapokwama

Wengi wanaosema riwaya za Kiswahili hazisomeki walikutana nazo darasani, mwongozo mkono huu na kitabu mkono ule, wakiwinda dhamira na tamathali za usemi kwa ajili ya mtihani. Kitabu kikisomwa hivyo, hata kiwe kitamu vipi, kinageuka dawa ya kumezwa kwa maji mengi. Humu dhamira tumeziacha kando. Tunavisifu vitabu tunavyovipenda, vya aina mbalimbali, na kwa kila kimoja tunaonyesha msomaji hukwama wapi, kwa nini, na apite vipi. Maana hata vitabu bora vina visiki, na visiki vyenyewe vinajulikana.

Tuanze na upelelezi, kwa kuwa hapo ndipo mtu hunaswa mpaka akaunguza mboga. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutoka kama kitabu mwaka 1960. Bwana Msa si askari. Ana kiko chake, ana rafiki yake Najum, na ana subira ya kuwaacha watu waseme mpaka wajifunge wenyewe kwa maneno yao. Mandhari ni Unguja ya kabla ya Mapinduzi: mashamba, majumba ya watu wa nasaba, mizimu inayoogopwa, na siri zinazofunikwa kwa adabu. Mazungumzo yake ni Kiunguja safi, ya watu wanaojua kutukanana bila kutamka tusi.

Kisiki cha Abdulla ni ukoo. Swali la nani aliua analijali, lakini linalomsisimua zaidi ni nani mtoto wa nani, nani amelelewa kwa jina lisilo lake, nani ana haki ya kurithi na hajui. Ikifika katikati ya kitabu, msomaji anayetegemea kichwa chake tu huwa ameshachanganya ami na mjomba, na kuanzia hapo kila ugunduzi unampita. Dawa yake ni karatasi moja na kalamu. Jina likitajwa mara ya kwanza, liandike. Kando yake andika anaishi nyumba ya nani na anamwita nani baba au mama. Pale ambapo msimulizi mwenyewe amethibitisha udugu, unganisha kwa mstari. Pale ambapo ni mhusika tu anayedai, weka nukta nukta. Kesi yote huwa imelala kwenye zile nukta.

Jambo la pili ni sura za mwisho, Bwana Msa anapokaa kufumbua. Zina maneno mengi, na mwenye pupa huruka kurasa akitafuta jina la mkosaji tu. Ukiruka umejidhulumu, kwa sababu vile vitu vidogo vilivyopita kama mapambo ndivyo vinavyorudi hapo kuwa ushahidi. Mfululizo unaendelea na Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976), na Kosa la Bwana Msa (1984). Si lazima kuvisoma kwa mpangilio huo, ila cha kwanza kisome kwanza, umjue Msa na Najum wanavyotaniana.

Ukitaka mbio kuliko mafumbo, chukua Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba. Kikosi cha Kisasi, kinachompeleka Gamba hadi Kinshasa, husomwa usiku mmoja, na hakihitaji zaidi ya usiku huo mmoja. Wanawake wake ni warembo na basi, na risasi nyingi hupita pembeni kwa bahati ya shujaa. Tunakisifu hivyo hivyo, kwa sababu Musiba anajua kukatisha sura pale hasa unapotaka kufunga kitabu ulale. Ben Mtobwa ana Joram Kiango wake, lakini kitabu chake cha kuanzia ni Dar es Salaam Usiku, ambamo jiji lenyewe lina nguvu kuliko mhusika yeyote. Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, cha mwaka 1965, ni chembamba na kinamfaa anayetaka kuonja kwanza.

Sasa Adam Shafi. Mtu akidai yeye hasomi Kiswahili, mpe Vuta N'kuvute. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa Bwana Raza, mfanyabiashara anayemzidi umri kwa mbali; anamkimbia, familia yake inamfungia mlango, naye anapokewa na Mwajuma, mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, mwenye chumba kidogo na moyo mkubwa. Kisha anaingia Denge, kijana aliyesoma Urusi, anayeviziwa na polisi wa kikoloni chini ya Inspekta Wright. Shafi anaandika kwa pua na masikio: unanusa marashi, unasikia taarabu, unaona mtu anavyokaa barazani akijifanya hana shughuli kumbe anachunga njia. Riwaya hii imetengenezewa filamu, iliyoongozwa na Amil Shivji na kutoka mwaka 2021. Filamu ni nzuri, ila tangulia kitabu. Mwajuma wa kwenye karatasi ana ulimi mrefu kuliko filamu yoyote inavyoweza kubeba.

Wanaokwama, hukwamia kwa Denge na wenzake. Aliyekuja kwa ajili ya mapenzi huona mikutano ya siri na makaratasi ya siasa yanamkatizia starehe, akaanza kuruka. Kosa ni kuzihesabu kama hadithi mbili. Fuata polisi badala ya wapenzi: kila mara Yasmin anapopata raha, tazama nani mwingine yumo mtaani na nani anauliza maswali. Ukisoma hivyo zile kurasa za siasa zinageuka kurasa za hofu, na hofu ndiyo inayoyatia mapenzi yao makali.

Kuna siri nyingine kwa Shafi ambayo wauzaji wengi hawaisemi. Vitabu vyake vilitoka kwa mpangilio mmoja na matukio yamepangika kwa mwingine. Kwa tarehe za kuchapishwa, Kasri ya Mwinyi Fuad ni 1978, Kuli 1979, Vuta N'kuvute 1999, Haini 2003. Kwa historia ya Zanzibar, anza na Kuli, yenye wachukuzi wa bandarini na mgomo wa 1948. Ifuate Vuta N'kuvute, miaka ya kudai uhuru. Kisha Kasri, inayoingia kwenye Mapinduzi ya 1964. Umalizie na Haini, inayotokana na kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Karume mwaka 1972. Ukivisoma kwa mpangilio huu unamwona mtu aliyekuwa akipigania haki katika kitabu cha kwanza, na unaona katika cha mwisho nani ameshika funguo za gereza. Haini ina kurasa za mateso zinazochoma. Si kitabu cha kusoma kitandani, na usimpe mtoto wa shule ya msingi eti kwa kuwa jalada halitishi.

Kitabu kinachosifiwa sana na kusomwa kidogo kuliko vyote ni cha Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, hakupata mchapishaji, akakitia mwenyewe katika Kiswahili, na Tanzania Publishing House (TPH) ikakitoa mwaka 1980, vitabu viwili vinene. Alifariki 1981. Mwanzo wake ni mwepisi kabisa: mume na mke wanapendana, hawana mtoto, ndugu wa mume wanamsimanga mke, na wazazi wa mke wanakuja kumchukua binti yao. Mume anataka mke wake arudi. Wakwe wanasema sawa, lakini kwanza ulipe faini ya pombe.

Hapo ndipo mtu huweka kitabu chini. Anangoja mke arudi, na mwandishi anaanza kumweleza pombe ya ndizi inavyotengenezwa. Kisha salamu za ukweni, nani anasema nini, nani anakaa wapi. Kisha shamba. Kisha dawa. Msomaji aliyezoea riwaya za mbio husema hadithi imesimama. Haijasimama. Fikiria faini yenyewe: ndizi lazima zivundikwe ziive, zikamuliwe, maji yake yachanganywe na mtama, yaachwe yachachuke, halafu yabebwe mpaka ukweni kabla hayajaharibika. Hakuna hatua inayoweza kurukwa wala kuharakishwa, na siku zote hizo mke yuko kwao. Kwa hiyo kila ukurasa wa mapishi ni ukurasa wa kusubiri, na ukiusoma kwa macho ya Myombekere utajikuta unahesabu siku pamoja naye. Hata salamu ni hivyo hivyo: mkwe akikosea neno moja, safari yote ni bure.

Namna nzuri ya kukisoma ni sura moja kwa usiku, kwa sauti kama kuna wa kumsomea, na usijaribu kumaliza mwisho wa wiki. Anayesoma kurasa mia kwa mkupuo hulemewa kufikia siku ya tatu na harudi tena. Wazee wa Kanda ya Ziwa wakisomewa huanza kubishana kuhusu hatua za pombe, na ubishi huo ni nusu ya utamu. Ubaya ni kwamba toleo la Kiswahili ni adimu. Ulizia kwanza maktaba za vyuo vikuu. Iliyo rahisi kupatikana ni tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, iliyofanywa kutoka Kikerewe na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2002. Ni kazi iliyotulia, lakini inaudhi kwamba msomaji wa Kiswahili alazimike kuzunguka kwa Kiingereza ili afike Ukerewe.

Kisiwa hicho hicho kilimzaa Euphrase Kezilahabi. Kosa kubwa analofanyiwa ni kuanziwa mwisho. Mtu anasikia Nagona ni kazi ya kifalsafa, anainunua kwa kuwa ni nyembamba, anasoma kurasa kumi, anaamua kwamba ama mwandishi alikuwa mgonjwa ama yeye ndiye mjinga. Anza na Rosa Mistika (1971), ambayo iliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania. Zakaria, mlevi anayedhani kumlinda binti ni kumpiga, anamvunja Rosa kabla dunia haijamgusa. Lugha ni nyepesi, sentensi fupi, na hakuna mahali pa kukwama ila pale utakapotaka kumpiga Zakaria kofi. Kisha Kichwamaji (1974), anachosimulia Kazimoto mwenyewe, kijana wa chuo kikuu asiyeiona maana ya chochote. Hapa watu hukwama kwa sababu Kazimoto hapendeki. Hakuandikwa apendwe. Msome kama unavyomsikiliza rafiki aliyekata tamaa: si kila analosema ni kweli, na kuna mahali anajidanganya huku anadhani anasema ukweli mtupu. Ukipita hapo, Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979) zitakuingia bila shida.

Ndipo uende kwa Nagona (1990) na pacha wake Mzingile (1991). Nagona haifiki kurasa 100. Isome kwa kikao kimoja, bila kurudi nyuma, bila kuuliza huyu ni nani na hapa ni wapi. Anayesimama kila aya kutafuta tafsiri hapati, kwa kuwa vitu vingi havina jibu mpaka virudi mara ya pili au ya tatu. Weka alama ya penseli pembezoni kila picha inapojirudia: paa (yule mnyama), ngoma kuu, mwanga, njia. Siku ya pili soma tena, safari hii ukifuata alama zako tu. Kitu kilichoonekana fujo kitaanza kuonyesha mzunguko. Na kama bado hakikushiki, kiache. Kuna wasomaji makini wasioipenda Nagona, na hawana dhambi.

Bunilizi ya kisiasa inaonekana kama mali ya vijana wa leo, lakini Shaaban Robert aliijenga Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea angani ambako Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria. Utetezi wake mahakamani ni kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, kila mmoja akarudi na heri na kutupwa gerezani. Kisiki ni hicho hicho cha sita: kufikia mjumbe wa tatu umeshaujua mwendo. Shaaban anarudia makusudi, kama wakili anayepanga ushahidi juu ya ushahidi, lakini msomaji ana haki ya kuchoka. Soma safari ya kwanza na ya pili kwa utulivu, halafu katika zinazofuata tazama kinachobadilika: kila nchi ya ugeni ina jema tofauti, na kila jema ni pengo la Kusadikika. Ukimaliza, nenda moja kwa moja kwa Walenisi (1995) ya Katama Mkangi. Dzombo anahukumiwa kufa kwa kupakiwa katika chombo cha angani, anajifunza kukiendesha, anatua katika nchi iliyopangwa kwa haki. Nusu ya kwanza inakimbia. Nusu ya pili ina mwongoza mgeni anayeeleza sana, na hapo Mkangi mhadhiri anamshinda Mkangi msimulizi. Hata hivyo kejeli zake zinafaa kusomwa kwa sauti.

Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, uliotoka 1958, pia ni kazi ya Shaaban Robert, na ni mfano wa kitabu kinachohitaji kusaidiwa. Mwandishi anamsifu bibi yule kuliko anavyomchunguza. Tarehe ni chache, mawaidha ni mengi. Usiusome mkavu. Siti na wenzake walirekodi santuri Bombay mwaka 1928, na baadhi ya nyimbo hizo zinasikika mtandaoni. Cheza wimbo, soma sura, cheza mwingine. Sauti inayajaza yale ambayo sifa zimeyaruka.

Tamthilia haikuandikwa isomwe kimyakimya, na ndiyo maana Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) huwachosha wanaoisoma kama riwaya. Watu wanne wanatosha: mmoja asome Kinjeketile peke yake, wawili wagawane wengine, wa nne asome maelezo ya jukwaani kwa sauti, asiyafiche. Maelezo hayo ndiyo yanayobeba ukimya na hofu, hasa Kinjeketile anapotoka mtoni akiwa si yule aliyeingia. Mgogoro wake mkubwa uko ndani ya mtu mmoja anayeshindwa kuwaambia wapiganaji wa Maji Maji jambo analoanza kulishuku mwenyewe. Mkiisoma kwa kubadilishana mhusika mkuu kila onyesho, mgogoro huo unapotea, kwa hiyo msibadilishane. Kwa kucheka, Ngoswe Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba haina mpinzani: karani wa sensa anakwenda kijijini kuhesabu watu, anahesabu binti mmoja zaidi ya inavyotakiwa kazini, na makaratasi ya serikali yanaishia pabaya.

Ushairi unaogopwa bure. Utenzi una beti za vipande vinne, kila kipande mizani 8; vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, cha nne kinabeba kina kinachorudi mpaka mwisho wa utenzi. Tarbia ina mishororo minne, kila mmoja mizani 16, ukikatika katikati, 8 za ukwapi na 8 za utao. Hesabu kwa vidole: kila irabu ni mizani moja, na m au n inayosimama yenyewe, kama katika mtu au nchi, nayo ni mizani. Ukipata 7 au 9, ama umelisoma neno la pwani kwa matamshi ya bara, ama mpiga chapa ameangusha herufi. Hili la pili hutokea zaidi ya watu wanavyodhani. Anayetaka kanuni zote mahali pamoja atafute Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri ya Kaluta Amri Abeid, ya 1954.

Diwani yetu ya kwanza kumpa mtu ni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973), iliyotungwa kifungoni Kenya kati ya 1969 na 1972, kwenye karatasi za chooni, baada ya mtunzi kufungwa kwa waraka wa Kenya: Twendapi? Kisiki ni Kimvita, lahaja ya Mombasa. Kumbuka mambo mawili na nusu ya ugumu itaondoka: palipo na ch, mara nyingi Kimvita hutia t, kwa hiyo mato ni macho, palipo na nj hutia nd, kwa hiyo ndia ni njia. Usizisome tungo zake moja baada ya nyingine kwa haraka. Tatu kwa siku ni nyingi tayari. Baada yake, N'na Kwetu ya Mohammed Khelef Ghassany, mshindi wa tuzo ya Mabati-Cornell mwaka 2015, inawafaa hasa walio ughaibuni. Inasema ugeni bila kujililia.

Kwa tafsiri, Peponi ya Ida Hadjivayanis (2022) ndiyo tunayoipigia debe. Ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ya 1994, na unapoisoma kwa Kiswahili mazungumzo ya wafanyabiashara wa msafara yanasikika kama yamerudi kwao. Kisiki ni kwamba Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, hasemi sana. Msomaji humwona mzembe. Tazama anachokitazama, maana Gurnah anasimulia kupitia macho yake. Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, tamthilia za Shakespeare alizotafsiri Julius Nyerere, zinawashtua waliozoea vina, kwa kuwa hakuvifuata. Zisome kwa mwendo wa hotuba, zitakaa sawa.

Kijana wa kidato cha kwanza hadi cha tatu mpe Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Kongowea anatoka Tanga kumtafuta baba yake hadi Kitale, na safari hiyo inamfundisha msamiati kuliko orodha ya msamiati. Onyo moja: Walibora anapenda methali, na wanafunzi huzinakili kwenye insha zao kwa mafungu, mpaka insha nzima inanuka Siku Njema. Mwambie achukue moja tu.

Kabla hujalipa, kikague kitabu. Kurasa hukunjwa na kushonwa au kugandishwa kwa mafungu, kwa kawaida ya 16 au 32, kwa hiyo kosa la kiwandani haliishii kwenye ukurasa mmoja: fungu zima huruka au hujirudia. Pitisha kidole kwenye namba za kurasa kuzunguka 16, 32, 48, 64 na kuendelea. Dakika moja inatosha. Vitabu vilivyogandishwa kwa gundi tupu usivikunje mgongo kwa nguvu mara ya kwanza. Fungua kurasa chache za mbele, kisha chache za nyuma, ukielekea katikati, mgongo ulegee bila kupasuka. Nakala za wizi zina dalili zake: herufi za kijivu badala ya nyeusi, maandishi yaliyopinda kidogo kuelekea mgongoni, rangi za jalada zilizofifia, na ukurasa wa hakimiliki uliokatwa au usiosomeka. Angalia ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu: kwa vitabu vipya 978 ikifuatwa na 9966 ni ya Kenya, 9976 au 9987 ni ya Tanzania. Jalada likisema mchapishaji ni wa Dar es Salaam na namba ikawa ya 9966, uliza maswali. Matoleo ya zamani yana tarakimu 10 bila 978, na ya miaka ya 1960 hayana kabisa, hiyo si dosari.

Dar es Salaam, duka la TPH mtaa wa Samora lina rafu nzuri ya fasihi. Nairobi, Text Book Centre ina vitabu vya shule zaidi, ila riwaya zipo ukiuliza kwa jina la mwandishi. Kwenye vibanda vya vitabu vya mitumba bei hupangwa kwa hali ya jalada, si kwa adimu ya kitabu, kwa hiyo vitabu vya Bwana Msa vilivyochakaa huenda kwa bei ya chai na andazi wakati ni vigumu kuvipata popote.

Kamusi moja iwe karibu. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (2015) ni pana na nzito. Kaa nayo mezani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la 2004 au la 2013, inatosha kwa Walibora na Musiba, lakini kwa Abdulla na Abdilatif utakosa maneno mengi ya pwani. Neno likikosekana, endelea mpaka mwisho wa aya kabla ya kutafuta tena. Waandishi hao wawili wana desturi ya kulisema jambo mara mbili, mara ya pili kwa maneno mepesi.